Roboti Iliyojifanya Mgonjwa

Mume wangu ni mtu wa hesabu, na nasema hivyo nikiwa nimeishi naye miaka ya kutosha kuchoka. Kwake hesabu si somo, ni maradhi. Ukimtuma sokoni nyanya, hanunui kwa yule uliyemwelekeza; atazunguka vibanda vyote, atapima kwa macho, atauliza bei mpaka wauzaji wamchoke, halafu atarudi na nyanya nzuri kweli wakati mboga imeshaungua jikoni. Siku aliyokuja kwetu kujitambulisha, baba yangu alimuuliza atanitunza vipi. Badala ya kujibu kama waungwana wanavyojibu, akachomoa kalamu mfukoni akaanza kuandika kwenye kiganja chake. Wajomba zangu walicheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Mimi sikucheka. Nilijiambia, huyu angalau anajua anachokisema.

Alifundisha fizikia kwenye shule ileile ya wasichana tangu kichwa chake kikiwa na nywele. Wanafunzi walimpachika jina la Kikokotoo, naye alilijua na hakulichukia. Walimwogopa kidogo, lakini walimwamini sana. Kikokotoo akikwambia waya huu una umeme, hugusi. Akikwambia hauna, unaukamata kwa mkono mtupu. Katika maisha yake yote ya ualimu sikuwahi kusikia mtoto akirudia kupima kitu ambacho yeye alishakipima.

Ukitaka kumwelewa, ujue jambo moja. Alipokuwa kijana alikosa nafasi ya chuo cha uhandisi kwa alama moja. Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya akaendelea na safari yake. Yeye aliamua kwamba bahati ni hesabu ambayo mtu hakuifanya mapema, na tangu hapo hakuruhusu jambo lolote limkute bila kulipigia hesabu. Kuna siku nilimwonea huruma kwa hilo. Kuna siku nilimwonea hasira, maana mtu wa namna hiyo hata zawadi huwezi kumshtukizia, ameshaibashiri.

Nyuma ya maabara ya shule palikuwa na stoo ya madawati mabovu. Aliomba funguo, akatoa madawati, akaweka meza ndefu, akawagawia wasichana bisibisi. Hivyo ndivyo klabu ya roboti ilivyoanza. Nilikuwa nampelekea chakula mchana nikiwakuta wameinama wote, harufu ya risasi ya kuungia nyaya imejaa chumba, hakuna hata mmoja anayeniitikia hodi. Walijenga roboti ikavunjika, wakajenga nyingine. Kila mwaka walikwenda kwenye mashindano ya taifa, na kila mwaka walirudi wakiwa wameishia mlangoni mwa fainali. Bingwa wa taifa hupanda ndege kwenda kwenye mashindano ya dunia. Wasichana wake hawakuwahi kuipanda hiyo ndege.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Mkuu wa shule alishasema bila kuficha kwamba mwalimu akiondoka, stoo itarudi kuwa stoo. Mume wangu hakulalamika. Alikuja nyumbani, akakaa, akaniambia, "Mama, nataka niwapeleke mara moja tu. Mara moja, halafu nikabidhi funguo." Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile, hata mimi hakunitaka hivyo, na nilimwambia. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Mimi ni fundi cherehani. Nilifuatana nao kama mlezi, kwa sababu shule ilitaka mwanamke wa kulala na wasichana bwenini, na mume wangu alikokotoa kwamba mke wake ndiye atakayekubali bila kusumbua. Hapo alikosea, nilisumbua. Lakini nilikwenda.

Mchezo wenyewe nilielezwa na binti mmoja aliyenionea huruma, nami naueleza vilevile. Uwanja una ukubwa wa sebule, umezungushiwa ubao unaofika magotini. Roboti mbili zinakuwa upande mmoja, mbili upande wa pili. Zinaokota mipira na kuitia kwenye kapu, na karibu na mwisho kila roboti hukimbilia kupanda jukwaa dogo la upande wake, maana kupanda kuna alama za nyongeza. Mwenza wako humchagui wewe, unapangiwa kwa kura, na kila mchezo ni mwenza mpya. Aliyekuwa adui asubuhi mchana ni ndugu. Kwa sababu hiyo watoto wale wana desturi moja iliyonifurahisha: hakuna anayemnyima mwenzake kifaa. Ukikosa nati, unapaza sauti tu, na meza tatu nne zitakuletea, hata meza ya mtu unayekwenda kupambana naye.

Michezo ya kura ikiisha, shule inayoongoza husimama mbele ya ukumbi na kuchagua mwenza wa kwenda naye fainali. Anayechaguliwa huulizwa kama anakubali. Akikataa, hachaguliwi tena na mtu yeyote. Anafunga mizigo anarudi kwao.

Mpaka mchana wa siku ya mwisho wasichana wetu walikuwa wamefanya vizuri sana. Ulibaki mchezo mmoja. Upande wa pili walikuwa shule moja kubwa, wote wamevaa kofia nyekundu, na roboti yao ilikuwa ikiokota mipira kama kuku anavyodonoa mtama. Mume wangu alikaa pembeni ya meza yetu, akaandika kwenye kiganja, akafuta kwa mate, akaandika tena. Kisha akawaita wasichana kwenye ujia mwembamba karibu na tangi la maji. Nami nikafuata, maana mlezi ni mlezi.

"Sikilizeni," akasema kwa sauti ya chini. "Sisi kuongoza hatuwezi tena, tushinde tusishinde, ila kuchaguliwa tunaweza. Tukiwafunga Kofia Nyekundu, watashuka, na uongozi unakwenda kwa wanaowafuata, wale wenye roboti ndefu. Wale wameshaahidiana na rafiki zao, hawatatuchagua. Tukifungwa, Kofia Nyekundu wanaongoza, na watatuchagua sisi. Mwalimu wao amenidokeza. Sisi na wao pamoja, hakuna wa kutuzuia."

Aliyeshika rimoti alikuwa msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Kidole, kwa namna vidole vyake vilivyokuwa vyepesi kwenye vijiti vya rimoti. Ndiye aliyekuwa nahodha pia. Alimtazama mwalimu wake, akauliza, "Kwa hiyo tucheze vibaya, mwalimu?"

"Msicheze. Roboti itoke kidogo, halafu isimame. Kama vile betri imekata."

"Na wenzetu?"

Wenzetu kwa kura ya mchezo ule walikuwa shule ndogo ambayo hakuna aliyekuwa akiijua. Roboti yao ilikuwa imezibwa ubavuni kwa mfuniko wa kopo la biskuti, na ukumbi mzima ukaiita Bati. Ilikuwa ikitembea upande upande.

"Wale wako mkiani," akasema mume wangu. "Wakishinda hawapandi, wakishindwa hawashuki. Hawana cha kupoteza."

Wasichana walitazamana. Mmoja wao, dada mkuu wa bweni, mwenye kifua na maneno, akasema, "Mwalimu yuko sahihi. Hatuvunji kanuni yoyote." Kidole alirudisha macho kwenye rimoti. Mimi ndiye niliyepinga.

"Baba watoto, hiyo ni haki?"

"Hakuna kanuni inayokataza."

"Hakuna kanuni inayokataza kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Umeshawahi kufanya?"

"Mama, hapa si sebuleni." Akanyoosha kidole ukutani. Walikuwa wametundika kitambaa kikubwa chenye maandishi: Asiyekubali kushindwa si mshindani. "Unaona? Hata ukuta uko upande wangu."

"Ukuta umesema ukubali ukishindwa. Haukusema ujipeleke."

Wasichana wawili wakacheka wakiziba midomo. Yeye hakucheka. Akaniambia kwa upole, "Niache mara hii moja." Nikamwacha. Nilikuwa naijua ile kiu yake, na mtu ukimpenda, kuna mahali unanyamaza hata kama mdomo unawasha.

King'ora kikalia, roboti nne zikatoka. Yetu ilikwenda hatua chache, ikaokota mpira mmoja, ikasimama katikati ya uwanja. Kidole alikuwa ameachia vijiti, vidole vimening'inia pembeni. Upande wa pili Kofia Nyekundu walijaza kapu lao bila haraka. Bati ilikuwa inahangaika peke yake, inaokota, inaangusha, inaokota tena, na mpira mmoja ukaingia, na wa pili. Watoto wa ile shule ndogo walipiga kelele kana kwamba wametwaa dunia.

Kisha aliyekuwa akiiendesha Bati akageuza macho, akaona roboti yetu imesimama. Alikuwa kijana mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, nahodha wao. Nilimsikia akiwauliza wenzake, "Wenzetu wamezima?" Wakajibu wamezima. Hakufikiri mara mbili. Akaiacha mipira, ikiwemo miwili iliyokuwa mbele yake kabisa, akaigeuza Bati, ikaja upande upande mpaka nyuma ya roboti yetu, ikaanza kuisukuma kuelekea jukwaani.

Ukumbi ulipoelewa anachofanya, watu walianza kupiga makofi. Mwanzo wachache, halafu wote. Hata Kofia Nyekundu walipiga.

Roboti yetu ilikuwa na breki. Ukiachia vijiti, magurudumu yanajifunga yenyewe yasiteleze, na mume wangu alijivunia breki zile kuliko anavyojivunia watoto wetu. Palikuwa na kitufe cha kuzilegeza, kimoja tu, chini ya kidole gumba cha yule binti. Angekibonyeza, mzigo ungekuwa mwepesi. Alichofanya ni kugeuka na kumtazama mwalimu wake. Niligeuka nami. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia kiganja.

Bati ilisukuma. Iliisogeza roboti yetu kidogo kidogo, magurudumu yakisaga sakafu kwa sauti ya kukera meno. Ilipofika karibu na jukwaa pakatoka moshi mwembamba chini ya ule mfuniko wa biskuti, ikafuata harufu ya waya ulioungua, na Bati ikasimama. Kijana yule alisukuma vijiti mbele kwa mikono yote miwili kama mtu anayesukuma ukuta. Haikwenda. King'ora kikalia.

Watu walisimama kuwapigia makofi watoto wa ile shule ndogo. Kidole alikuwa analia. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniambia, "Masikini, kaumia kwa kufungwa."

Tulikuwa hatujakaa vizuri mezani kwetu walipokuja. Walikuja wote watano, wakiongozwa na yule kijana, amekumbatia betri kifuani kama anabeba mtoto. Nyuma yake msichana mdogo ameshika nyaya. Waliamkia kwanza, mmoja mmoja, kama watoto waliolelewa. Kisha kijana akasema, "Mwalimu, samahanini sana. Tulishindwa kuwafikisha."

Mume wangu akaitazama ile betri.

"Kama ni betri, hii imejaa," kijana akaendelea. "Tuliitunza ya akiba, mchezo huu tulitumia ile ya zamani. Ichukueni. Sisi mota yetu imeungua, na mchezo ulikuwa wa mwisho, hatuihitaji tena. Ninyi bado mna fainali."

"Mna mota nyingine?" nikauliza.

"Hatuna, mama. Tuna ile ile." Akatabasamu kidogo. "Tulikuwa tunatafuta ushindi mmoja tu. Hatujawahi kushinda mchezo hata mmoja tangu tuanze kuja. Leo tulipoona tumepangwa na ninyi tulijua ndiyo siku. Lakini basi, mashine ni mashine."

Nilimtazama mume wangu, na nitasema wazi kwamba nilimchukia kwa dakika ile. Aliipokea betri. Akachukua mita yake ya umeme, akaipima, kwa mazoea tu, mikono ikifanya kazi yake bila yeye. "Nzuri," akasema. Wale watoto wakafurahi. Na hapo ndipo alipovunjika. Nilimjua kwa mabega, yalishuka ghafla. Aliiweka mita mezani, akavuta kiti, akakaa ili uso wake uwe sawa na wao.

"Roboti yetu haikuharibika," akasema.

"Imeshapona?" kijana akauliza.

"Haikuwa inaumwa. Mimi niliwaambia wasichana waisimamishe. Ilitufaa tufungwe mchezo huu. Si wao, ni mimi."

Yule msichana mdogo mwenye nyaya alimtazama nahodha wake ili aelezwe. Nahodha hakueleza. Nilitamani atukane, apige meza, alie hata kidogo, mtu apate pa kushika. Akainama tu, akaichukua betri yao mezani, akaukunja waya wake vizuri mpaka ukakaa, akasema, "Sawa, mwalimu." Wakaondoka kwa mstari kama walivyokuja.

Mshereheshaji akaita watu wakae. Kofia Nyekundu walitangazwa kuwa wanaongoza, na nahodha wao akashika kipaza sauti. Akaita shule yetu. Mambo yalikwenda kama kiganja kilivyosema, hakuna kilichopinda. Kidole akatakiwa asogee mbele ajibu.

Kabla hajaenda aligeuka. Dada mkuu wa bweni akamshika mkono, akamwambia kwa haraka, "Usituharibie. Yaliyopita yamepita, wale hata tukikataa hawashindi tena." Na alikuwa anasema kweli, sitamlaumu. Msichana mwingine alisema hataki, wa tatu alikuwa analia tu. Wote wakamtazama mwalimu.

"Mwalimu, tufanyeje?" Kidole akauliza.

Alikuwa amekaa palepale kwenye kile kiti. Nilijua anachokiona: ndege, wasichana wake wakipunga mikono, funguo akizikabidhi huku akiwa ameshinda angalau mara moja katika maisha yake. Vyote vilikuwa mbele yake, limebaki neno moja tu.

"Nimeshawaamulia mara moja leo," akasema. "Semeni ninyi."

Kidole akaenda mbele. Alikuwa mdogo sana kule mbele. Alishika kipaza sauti, akasema, "Tunawashukuru kwa kutuchagua. Hatutaweza." Mshereheshaji alidhani hakusikia, akamkumbusha kanuni, akamwuliza tena. "Hatutaweza," akarudia. "Mimi siwezi kuendesha tena leo." Ukumbi ukaguna. Kofia Nyekundu wakatazamana wasielewe, wakaita shule nyingine. Sisi tulikuwa tumeshatoka.

Dada mkuu wa bweni alilia kwa hasira, akasema maneno mazito ambayo sikuyakemea. Mwaka mzima alikuwa akipanga kwenda ng'ambo, alishaaga hadi bibi yake. Mume wangu alimsikiliza mpaka akamaliza. "Una haki," akamwambia.

Kisha akaipindua roboti yetu juu ya meza, akachukua bisibisi, akaanza kuifungua. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini. Kidole akaja kumshikia taa. Alitoa mota moja, ile nzuri kuliko zote, aliyoifunga mwenyewe kwa mkono wake, akaifuta kwa kitambaa, akaniambia, "Twende wote, mama." Sikutaka kwenda. Nilikwenda.

Meza ya ile shule ndogo ilikuwa karibu na mlango wa nyuma. Walikuwa wameshafunga mizigo, Bati imelazwa kwenye sanduku na ule mfuniko wa biskuti juu yake. Mwalimu wao, kijana wa juzi tu, alisimama kwa heshima. Mume wangu hakutoa hotuba. Alinyoosha mkono wenye mota kwa yule nahodha, akasema, "Hii ni yenu. Inaingia palepale ilipoungua ile. Ni nzima, nimeipima."

Nahodha aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza huku na huku, akaangalia nyaya zake. Kisha akainua macho, bila kiburi wala dharau, kama mtoto anayeuliza kitu kinachotakiwa kuulizwa, akasema, "Samahani, mwalimu. Tunaweza kuijaribu kwanza?"

Mwalimu wao alishtuka, akataka kumkemea. Mume wangu akamzuia kwa mkono.

"Ijaribuni," akasema.

Wakafungua tena mizigo. Wakatoa betri, wakatoa nyaya, yule msichana mdogo akatafuta mahali pa kuunga. Ilichukua muda, maana mikono yao ilikuwa imechoka. Mume wangu alisimama pale mbele ya meza, mikono nyuma, akiwasubiri wamalize.